Niliifundisha Simu Kuamini Watu Watatu

Siku ya kwanza simu mia nne zililia kwa pamoja, kijiji kizima kikakimbia, na adui hakuja.

Hilo peke yake si la ajabu. Upande wa Kamango, mashariki mwa Congo, watu wamekimbia wauaji wa msituni bure mara nyingi, na afadhali kukimbia bure kuliko kubaki bure.

La ajabu ni walichokikuta waliporudi baada ya siku mbili.

Nyumba zilikuwa nzima. Mbuzi walikuwa palepale walipofungwa, wakilia njaa. Sufuria zilikuwa jikoni, na ugali wa mama mmoja ulikuwa bado mezani umeota ukungu.

Kilichokosekana ni kakao. Matunda yote yaliyoiva yalikuwa yamechumwa, na maganda yamerundikwa vizuri pembeni ya shamba, kazi ya watu wasio na haraka.

Sasa niambie wewe unayesoma. Muuaji gani wa msituni anaacha mbuzi, anachuma kakao?

Naitwa Séphora, naandika nikiwa Butembo. Kijiji chenyewe sitakitaja, wenyewe wamechoka kutajwa. Na kama una sufuria motoni, iepue kwanza, maana hii haina mahali pa kupumzikia.

Nianze na kazi yangu, la sivyo hamtanielewa.

Butembo kila mtu anauza kitu. Ukisema huuzi kitu, watu wanakuonea huruma.

Mimi napanga namna simu inavyozungumza na mtu. Ikuulize nini kwanza, ikuulize kwa lugha gani, ubonyeze wapi, na ukikosea ikurudishe wapi. Wenye shule zao wana jina refu la kazi hiyo. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani kwamba binti yake ni "secrétaire wa simu", nami nikamwachia hivyohivyo.

Mwaka 2020 aliniita Stanislas, aliyekuwa mwalimu wangu wa informatique, yaani kompyuta. Alikuwa ameanzisha kashirika kadogo, chumba kimoja upande wa Rughenda, kwenye uwanja wa ndege. Ndege ikipita juu mnanyamaza wote mpaka iende.

Tulikuwa watatu: Stanislas mkubwa wetu, Rébecca anayeandika programu, na mimi.

Wazo lilikuwa hili. Mtu akiona hatari shambani, abonyeze namba fupi, bila vocha, hata kwa kasimu ka tochi. Taarifa ikishapokelewa, simu zote za eneo lile zinalia na kuandika: HATARI, ONDOKENI.

Toleo langu la kwanza halikuuliza jina la mtu. Nilijivuna nalo. Asiyetajwa hatafutwi, ndivyo nilivyowaza.

Nikachora kurasa za simu kwenye makaratasi, nikapanda pikipiki, nikazunguka kupitia Uganda kama kila mtu anayeikwepa barabara ya wauaji, nikafika Kamango kwa Tantine Godelive.

Tantine Godelive ni dada wa baba yangu. Mjane, mwenye shamba la kakao, hakukaa darasani hata siku moja. Lakini mchezee mizani, uone utakavyorudi kwenu na aibu.

Na ndiye aliyenibeba mgongoni mwaka 1999, vita vilipotukuta nikiwa na miaka saba na malaria juu yake. Siku tatu za miguu. Kwa hiyo nikisema Tantine, jueni nasema nani.

Nilimwekea makaratasi magotini. Akabonyeza kwa kidole, moja, mbili, akafika mwisho.

"Na jina yangu naweka wapi?"

"Hapana kuweka jina, Tantine. Njo batu babaya basikujue."

Akanirudishia karatasi zote.

"Habari yenye haina mwenyewe njo tract," akasema. "Miye hapana kimbia ju ya tract. Na ya kwangu, nani atakimbia?"

Kwetu batu ni watu, njo ni ndiyo, ju ya ni kwa sababu ya, mais ni lakini, na tract ni yale makaratasi yanayookotwa njiani, ya vitisho, yasiyo na sahihi. Hakuna anayeyapenda, na nusu yake ni uongo.

"Bon, basi uandike jina."

"Sijue kuandika, unajua." Akafikiri kidogo. "Mais najua niko wa ngapi."

Hapo ndipo kichwa changu kilipowaka.

Wasio Wanande niwaeleze. Kwetu mtoto anazaliwa jina lake likimngoja. Mvulana wa kwanza kwa mama yake ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Wasichana nao wana yao, na Tantine ni Masika, yaani binti wa kwanza. Majina ya ubatizo yanakuja baadaye. Simama katikati ya soko la Butembo uite "Kambale", uone wanaume wangapi watageuka.

Basi nikapanga hivi: simu inakuuliza kama wewe ni mvulana au msichana, kisha inakuuliza wewe ni wa ngapi. Unabonyeza namba yako. Hakuna kusoma, hakuna kuandika.

Jina lipo, na mtu haonekani.

Watu waliipenda. Tantine aliijaribu mara tatu mfululizo akicheka peke yake. Nilikwenda kuionyesha Kampala, ukumbi ukasimama kupiga makofi, na kichwa kilinivimba, siwafichi.

Ilibaki kazi ya kuzuia uongo. Mtu mmoja anaweza kuogopa kivuli chake. Kwa hiyo niliweka kanuni: simu tatu tofauti, eneo moja, ndani ya robo saa. Wakishatimia watatu, ndipo simu za watu wote zinalia, bila kungoja mtu wa ofisi.

Kanuni hiyo ilikuwa siri. Waliijua Stanislas, Rébecca na mimi.

Na mume wangu.

Mume wangu ni Éliakim, mnunuzi wa kakao, mzaliwa wa kwanza kwa mama yake, Paluku kamili. Kabla hamjamchukia, niwaambie alikuwa mtu wa aina gani. Nikiwa na kazi nyingi, yeye ndiye aliyempikia binti yetu Agar uji. Kila ukurasa niliouchora, yeye ndiye wa kwanza kuujaribu. Alikuwa na jicho. Aliona kasoro ambazo hata Rébecca hakuziona.

Asubuhi moja wakati wa chai nilimweleza kanuni yangu, nikitumia vifuniko vitatu vya soda ambavyo Agar alikuwa akivichezea.

Akavitazama.

"Na kama bale batatu ni ba nyumba moya?"

Nikacheka. "Machine haijue nyumba, Papa Agar. Inajua simu tu."

"Ah bon," akasema, akaniongezea chai.

Swali lake nililiandika kwenye daftari langu la kazi. Pembeni nikaandika: swali zuri.

Sasa turudi kwenye ile siku ya kakao.

Stanislas alishangilia. Simu mia nne ndani ya dakika moja, alikuwa ameshaanza kuandika rapport kwa wafadhili.

"Na kacao ya batu?" Rébecca akamuuliza.

"Bezi ba kacao bako kila fasi," akasema. "Sisi hatuko police."

Wiki tatu baadaye simu zililia tena. Watu wakakimbilia mji wa Nobili, wakalala kanisani. Waliporudi, mbuzi wapo, sufuria zipo, kakao hakuna.

Safari hii Tantine alinipigia mwenyewe.

"Séphora, machine yako inaonaka nini yenye siye hatuone?"

"Sijue, Tantine. Na shamba yako?"

"Balimaliza yote. Bamama ba huku banasema hawatakimbia tena. Miye nikabaambia, ile ni ya mutoto wangu. Ikilia, miye nitakimbia. Isipolia, niko shambani, natumika kazi."

Nilikata simu nikiwa na aibu ambayo sikujua inatoka wapi.

Ijumaa ile nilifungua orodha ya taarifa. Namba za simu hatuzioni hata sisi wenyewe, nilitaka iwe hivyo. Tunaona jina la kuzaliwa na saa, basi.

Tahadhari ya kwanza: Kambale. Dakika tatu baadaye, Kasereka. Dakika mbili baadaye, Kakule.

Tahadhari ya pili: Kambale. Kasereka. Kakule.

Nikajiambia majina hayo yamejaa kote, ni bahati tu. Lakini macho yangu hayakutoka pale.

Watu watatu wanaoona hatari hawangojani. Kila mmoja anabonyeza na kukimbia kivyake, majina yanaingia ovyo. Hawa walikuwa wamengojana. Wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, mara zote mbili. Mdogo hakumtangulia mkubwa kusema.

Walikuwa wamelelewa vizuri, na ndilo kosa lililowaumbua. Wala hawakufikiria kubadili majina. Nani wa kwetu atakuwa wa nne, aseme yeye ni wa pili?

Mashine ilikuwa imehesabu mashahidi watatu. Mimi nilihesabu tumbo moja.

La nani? Hapo bado sikujua. Nyumba zenye wavulana wanne kwetu ni nyingi.

Jumapili tulikwenda Beni, mtaa wa Bungulu, kwa mama mkwe wangu, Mama Mariette. Kila mwezi tunakula kwake baada ya ibada, wanawe wote na wake zao.

Beseni la kunawa likaletwa. Akanawa Éliakim. Likaenda kwa mdogo wake Kambale. Likaenda kwa Kasereka. Kakule, kitindamimba, mtu wa utani mwingi, alikuwa ameshanyoosha mikono, akairudisha kwa sababu Kasereka hajamaliza.

"Mukubwa kwanza," akasema, watu wakacheka.

"Banangu bananisikiaka," Mama Mariette akasema kwa furaha. "Na bamechoka, angalia. Mwezi hii mukubwa wao alibatuma Kamango mara mbili."

"Ni Kasindi, Mama," Éliakim akasema. Alisema haraka mno.

"Kasindi wapi? Si balipita hapa na ile kacao ya maji-maji, ikanilowesha kiti?"

Kakule akainamisha kichwa kwenye sahani. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, na sikumbuki kama nililimeza.

Tunaambiwa tangu utoto kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelala na nguo yangu miaka sita.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Éliakim dépôt, ghalani kwake, katikati ya magunia. Hakukataa. Nadhani angekataa ningeumia kidogo zaidi ya nilivyoumia, au kidogo pungufu, sijui.

"Hakuna mutu alikufa, Mama Agar."

"Ulichukua ya Tantine."

"Sikujua ni shamba yake. Badogo yangu njo balichuma."

"Ile siku ya chai, uliniuliza ju ya nini?"

"Niliuliza tu." Akatazama chini. "Weye njo ulijibu."

Sijawahi kupigwa kofi maishani, ila nafikiri linafanana na hilo. Nilimpa mtu huyu kazi yangu ikiwa bado mbichi, kila ukurasa, kila wasiwasi wangu. Kumbe alikuwa akitafuta pa kupenya, nami namshukuru kwa jicho lake zuri.

"Nitasema," nikamwambia. "Nitasema kwa bureau, nitasema kijijini."

Hapo ndipo alipopiga magoti.

"Ukisema bataua bandugu yangu. Unajua vile batu banafanyaka sasa."

Nilijua. Miezi ile mtu akitajwa kwamba anashirikiana na wauaji, hafiki polisi. Umati unammaliza njiani. Nani angesimama kueleza kwamba hawa walishirikiana na kakao tu?

Akaniapia kwa Agar kwamba imekwisha.

Nilikuwa na njia mbili. Niseme, vijana watatu wauawe, au ninyamaze, watu waendelee kuibiwa na mashine yangu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule.

Nikachagua ya tatu, ile ambayo mtu wa kazi yangu anaichagua siku zote. Nikarekebisha mashine.

Nilimwambia Rébecca aongeze sharti. Majina matatu yakiingia kwa mfuatano wa kuzaliwa, mkubwa hadi mdogo, yasimamishwe kwanza. Simu za watu zisilie mpaka mtu ayasome na kuamua.

"Basome nani?"

"Zikuje kwangu."

"Ju ya nini kwako peke yako?"

"Ju miye njo nilichora."

Akageukia mashine yake, akaandika. Rébecca si mjinga, ila ananiheshimu, na siku ile heshima yake ilituponza.

Ukurasa wa kuamulia niliuchora mwenyewe. Vitufe viwili: TUMA na ZUIA. Tuma nikaiweka juu. Zuia nikaiweka chini kulia, pale kidole gumba kinapofika bila taabu. Tunafundishwa hivyo: kitakachotumika zaidi kiwe karibu.

Nyumbani tuliacha kuongea. Éliakim alikuwa akiweka chai mezani, nami naipita. Agar akawa anatupelekea maneno, huku na kule, mpaka akachoka naye.

Hivyo ukapita mwezi.

Alhamisi moja wageni wa Stanislas wakatua Rughenda, wale watu wa kuandika mambo kwenye vidaftari. Nikapewa kazi ya kuwaeleza mfumo wetu. Nilivaa vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye karatasi ya nne, ile ya Tantine na namba ya kuzaliwa, wageni wameduwaa, simu ikatetemeka mkononi mwangu.

Ilikuwa saa nne na dakika sita.

Kambale. Kasereka. Kakule. Eneo lilelile.

Wamerudia. Ameapa kwa mtoto wangu, na wamerudia.

Ningeweza kuwaomba radhi wageni nitoke nje. Ningeweza kumpigia Tantine, dakika moja tu. Ningeweza hata kumpigia Éliakim nimtukane, naye angenieleza.

Sikumpigia mtu. Kidole gumba kilishuka chini kulia, na nilibonyeza ZUIA kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu.

Siwafichi kitu. Nilisikia raha.

Mgeni mmoja akaniuliza tunafanya nini na taarifa za uongo.

"Hizo tunajua kuzizuia," nikamjibu.

Saa saba mchana Rébecca akaingia. Hakukaa. Alisimama mlangoni, wageni wakiwa bado wanakunywa soda, akasema wauaji wamepita kijijini, watu kumi na mmoja.

Tantine Godelive alikuwa mmoja.

Kakule alikuwa mwingine.

Yaliyotokea nilielezwa na Kambale siku ya tatu ya msiba, Bungulu, uani kwa mama yao. Alikuwa akiongea na ardhi.

Mkubwa wao alikuwa amewatuma tena, ndiyo. Safari hii aliwatuma na mizani. Aliwaambia wanunue kwa kilo kama watu, tena waanze na shamba la Tantine, ili habari inifikie kutoka kinywani mwake. Hakuwa na njia nyingine ya kuniambia kitu, kwa sababu mimi nilikuwa simsikilizi.

Walikuwa wanafunga mizani mtini kijijini walipoona watu wakitokea upande wa mto, bila sare, na mapanga.

"Tulituma alerte," Kambale akasema. "Miye kwanza, kisha Kasereka, kisha Kakule. Tukangoja simu za batu zilie."

Hazikulia.

"Tukapiga kelele, benye walikuwa karibu bakakimbia. Mais Tantine alikuwa ng'ambo ya pili ya mto, shambani, hawezi kusikia. Kakule akasema, miye nakimbia kumuita."

Walikutwa pamoja njiani, wakirudi. Kakule alikuwa amemfikia. Kama simu ingelia saa nne na dakika sita, Tantine angekuwa amevuka zamani, na kijana huyo asingekuwa na sababu ya kwenda upande ule.

Simu ya Tantine ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kitenge chake, ina chaji tele.

Pale uani hakuna aliyejua kilichotokea kati ya simu ya Kakule na simu za kijiji. Kambale alisema labda réseau, yaani mtandao. Stanislas, aliyekuja na shada la maua, alisema labda réseau. Éliakim alikuwa amekaa na wanaume, amevimba macho, na aliponitazama hakuwa na swali. Alinitazama kama mke wake.

Ningenyamaza, ingebaki réseau mpaka leo.

Nilikwenda kukaa mkekani karibu na Mama Mariette. Nikamwambia polepole, ili asinisikie mwingine kwanza.

"Mama, alerte ya Kakule ilinifikia. Miye njo nilizuia."

Hakugeuka.

"Uliona jina yake?"

"Niliona, Mama."

"Ukajua ni yeye."

"Nilijua ni yeye."

"Njo maana ukazuia," akasema.

Hakunilaani, wala hakuniita muuaji, na wamama waliotukaribia hawakumsikia akipandisha sauti. Alisogea kidogo tu kwenye mkeka, ili bega langu lisiguse lake.

Baada ya mazishi nilikwenda kijijini. Nilisimama uani kwa parokia, mbele ya waliobaki, nikasema yote: kakao, kanuni ya watatu, jina la mume wangu, sharti langu na kitufe changu. Éliakim alikuwa amesimama kando yangu. Sikumwomba aje. Nilipomtaja alipiga hatua mbele, akasema ni kweli.

Nilingoja umati unaoua. Mwezi mzima nilikuwa nimeogopa umati huo.

Hakuna aliyeokota hata kokoto. Mzee Abdias, anayewaongoza pale, alituuliza swali moja.

"Kwa nini hamukutuambia mapema? Siye tungesema hawa ni bezi, tungelipisha, ingekwisha. Bezi tunajua kukaa nabo."

Éliakim alijipeleka polisi Beni siku ileile. Kashirika ketu kalifungwa, na sikukalilia. Siku hizi nachora fomu za commune, ofisi ya mji, za watu wanaoandikisha watoto wao. Mume wangu nampelekea chakula gerezani. Hatujasameheana, tunaulizana habari za Agar tu.

Wengine mtaniandikia hapa chini kwamba yeye ndiye mkosaji. Mtakuwa hamjakosea. Alinisaliti mezani kwangu, kwa kazi niliyoipenda, na inauma mpaka leo ninapoandika.

Lakini fundisho langu si kwa wasaliti, hao hawasomi simulizi. Ni kwako uliyesalitiwa. Ukigundua uongo, useme kwa mdomo, kwa watu unaowagusa, hata kama mwenye uongo analala kitandani kwako. Usiutengenezee dawa ya kimya kimya halafu ukae nayo peke yako na hasira yako.

Maana mtu aliyesalitiwa naye ana mikono, na siku ile iliyobonyeza ni yangu.